Magoli matatu yaliyofungwa na simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji, na naomba univumilie kwa urefu, maana jambo lenyewe halielezeki kwa mistari kumi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mafinga, wilayani Mufindi. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 35 na kustaafu mwaka 2022. Miaka hiyo yote, na hadi leo, nimekaa kwenye meza ya netiboli: UMITASHUMTA, yaani michezo ya shule za msingi, ngazi ya kata na wilaya, mechi za kinamama wa mitaa, na yale mashindano ambayo zawadi yake ni mbuzi na seti ya jezi. Kazi yangu ni kuandika magoli na kujua senta, yaani pasi ya kuanzia mpira katikati, ni ya nani. Leo nataka kuzungumzia programu za simu za kuhesabu magoli, zile zinazotengenezwa na watu wanaojitolea na kugawiwa bure, hasa yale mambo ambayo programu hizo zinaweza kuyafanya na hayakuandikwa mahali popote.

Nianze na Julai iliyopita. Anayeijua Mufindi anaijua Julai yake. Kufika saa 10 jioni ukungu unaanza kushuka kutoka upande wa mashamba ya chai, na ukikaa umetulia bila kucheza, baridi inaingia kwenye mifupa. Tulikuwa na fainali. Upande mmoja timu ya wachuma chai, vesti za njano. Upande wa pili timu ya mjini, vesti za bluu. Mezani tulikuwa wawili. Mimi na simu yangu niliyoiegemeza kwenye tofali, na kando yangu binti wa kidato cha pili ninayemfundisha kazi hii, yeye na daftari lake la mistari na kalamu mbili. Nyuma yetu kijana wa kiume alikuwa na ubao na chaki. Kazi yake kunakili namba kutoka kwenye simu ili watazamaji waione.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu: netiboli ina robo 4 za dakika 15. Kila goli ni moja. Na tofauti na mpira wa miguu, si lazima aliyefungwa ndiye aanze. Senta inapokezanwa, mara hii nyinyi, mara ijayo wale, haijalishi nani kafunga. Kwa hiyo mezani tunatunza vitu viwili kwa pamoja, magoli na zamu ya senta, na mwamuzi akigeuka kutuuliza, jibu linatakiwa liwe mdomoni tayari.

Programu tuliyoitumia ni nzuri, nasema kwa moyo mweupe. Haina matangazo. Haihitaji bando. Saa yake ni kubwa, naisoma bila miwani. Ina vitufe viwili vikubwa, kimoja cha kila timu, na katikati kuna mshale unaogeuka wenyewe kila goli likiingia, kuonyesha senta inayofuata ni ya nani. Nimeitumia karibu mwaka mzima na iliniondolea mzigo.

Robo ya 4 ilianza njano wakiwa na 24, bluu 23. Jua lilikuwa limeshazama kwenye ukungu. Vidole vyangu vina zaidi ya miaka 60, na kwa baridi ile kidole hakigusi na kuachia kama cha kijana. Kinatua, kinakaa kidogo, ndipo kinanyanyuka. Sikulifikiria hilo hata mara moja. Nani angelifikiria?

Sasa nina kanuni yangu ya mezani, ambayo nawafundisha wote wanaokaa nami. Ndani ya robo moja, jumlisha magoli ya timu zote mbili yaliyoingia katika robo hiyo. Jumla ikiwa shufwa, senta ni ya timu iliyoanza robo. Ikiwa witiri, ni ya wenzao. Haikosei, labda mmekosea kuandika. Zilipobaki kama dakika nne nikatazama namba za simu, nikajumlisha kichwani, nikaona mshale unaelekea kusiko. Binti akaninong'oneza, "Mwalimu, senta ni ya bluu," sawa na mshale unavyosema. Waamuzi nao wakawapa bluu. Basi nikajiambia mshale na watu wote wamekubaliana, labda hesabu yangu ndiyo imeteleza. Baada ya magoli mawili matatu tofauti ile ikapotea yenyewe, mshale na hesabu vikapatana. Kisha ikarudi tena. Na hapo, Mhariri, nilifanya kosa ambalo linanikosesha usingizi hadi leo: nikaulaumu mshale.

Nilikuwa na sababu ya kuulaumu. Miezi mitatu kabla, katika mechi ya kawaida, mwamuzi alikataa goli kwa sababu mfungaji alimsukuma beki kabla ya kurusha. Mimi nilikuwa nimeshabonyeza. Nikabonyeza alama ya kutendua, goli likafutika, lakini mshale ukabaki pale pale ulipogeukia. Senta ikatolewa kwa timu isiyo yake, tukagombezwa mezani mbele za watu. Tangu siku ile niliuweka mshale katika kundi la mashahidi wasioaminika. Kumbe siku ya fainali mshale ndio uliokuwa unasema kweli. Namba ndizo zilizopotoka.

Filimbi ya mwisho ililia ubao ukisoma njano 33, bluu 32. Wachuma chai wakaruka, wakakumbatiana, mmoja akalala chini kwenye majani yenye umande. Mimi nikageukia daftari la binti ili tusaini. Aliandika kwa vijiti, vinne na kimoja kinachokata, robo moja moja kwenye ukurasa wake. Tukahesabu pamoja. Njano 31. Bluu 31. Tukahesabu tena, safari hii kwa kugusa kila kijiti kwa ncha ya kalamu. 31 kwa 31.

Sitaeleza kwa kirefu kilichofuata, maana baadhi ya maneno yaliyosemwa pale hayafai gazetini. Waamuzi walikuja mezani, wakatazama vyote viwili, wakaamua daftari ndilo lifuatwe kwa sababu lilionyesha kila goli limeingia robo gani na baada ya senta ya nani, wakati simu ilionyesha jumla tu. Nao walikuwa sahihi. Zikachezwa dakika za nyongeza, 7 na 7, kwenye mwanga hafifu, mpira ukionekana ukiwa karibu tu. Bluu walishinda kwa tofauti ya magoli 3. Kapteni wa njano, mama mwenye watoto wawili aliyekuwa amechuma chai asubuhi ile kabla ya kuja uwanjani, alinijia akalia mbele yangu. Aliniambia, "Mwalimu, ungetuambia mapema tu kwamba hatujashinda." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wiki iliyofuata sokoni nilisikia kwamba simu ya mwalimu ilichezewa. Wengine wakasema nilipewa kitu. Nimeishi mji huu tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kusikia jina langu likitajwa hivyo.

Usiku ule ule wa fainali nilikaa jikoni na mjukuu wangu, anayesoma chuo na alikuwa likizo. Jiko la mkaa katikati, simu mezani. Akafungua mechi mpya. Akabonyeza haraka: goli 1. Akabonyeza na kushikilia: goli 1. Akabonyeza mara mbili, akatelezesha kidole, akabonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja. Kila kitu sawa. "Bibi, haina tatizo," akasema, na nilivyomtazama nikaona anafikiri ni uzee. Nikamwambia aache saa iendelee kutembea, tusiiguse, tunywe chai kwanza. Niliona kwamba kila alichojaribu alikijaribu saa ikiwa juu, dakika 14 na sekunde kadhaa, wakati mimi mambo yaliniharibikia mwishoni. Tukanywa chai. Saa ikashuka 7, 6, 5. Ilipogonga 4:59, kuzunguka kila kitufe ukatokea mstari mwembamba wa njano, mwembamba kama uzi, ambao mchana uwanjani usingeuona hata ukikodoa macho. Akabonyeza haraka: goli 1. Akabonyeza akashikilia kwa muda wa kusema "moja". Namba ikaruka kwa 2. Mshale ukageuka mara moja tu.

Mjukuu aliweka kikombe chini. Mimi nilihisi kama mtu aliyefunguliwa kamba mikononi, kisha nikaona aibu kwa kufurahi, maana yule mama wa chai alikuwa amelala na huzuni yake.

Maelezo tuliyapata kesho yake. Programu hizi za kujitolea, nyingi zina ukurasa kwenye intaneti ambako mtengenezaji anaweka msimbo wake wazi, yeyote ausome. Mjukuu alipekua orodha ya mabadiliko, akapata mstari mmoja mfupi wa Kiingereza uliosema tu kwamba Super Shot imeongezwa. Basi. Hakuna palipoelezwa Super Shot ni nini, inawashwa vipi, inazimwa vipi. Ndipo nikajifunza kitu ambacho miaka yangu yote ya netiboli haikunifundisha. Huko Australia, ligi yao kubwa ya wanawake ilianza mwaka 2020 kutumia sheria ambayo haimo katika sheria za kawaida tunazochezea sisi: katika dakika 5 za mwisho za kila robo, mfungaji akirusha kutoka ukanda wa nje wa duara la goli, ukanda wenye upana wa mita 1.9, goli lake linahesabiwa 2. Duara zima lina mita 4.9 kutoka mstari wa goli, kwa hiyo ni yule anayethubutu kufunga kwa mbali anayelipwa zaidi. Ni sheria ya kuchangamsha mchezo, na kwao inaeleweka hata kwa mtoto. Mtengenezaji wa programu yetu anaishi huko. Aliiweka kwa ajili ya klabu ya jirani yake. Kwake yeye, kushikilia kitufe dakika 5 za mwisho ni jambo la wazi kama kufunga mlango ukitoka.

Nataka wasomaji waelewe kwamba programu haikuwa na hitilafu. Ilifanya kazi yake sawasawa, kwa usahihi kabisa, ila kwa sheria ya uwanja mwingine. Hitilafu huonekana, programu inakwama au inazima, unarudi kwenye karatasi. Lakini jambo lililojengwa vizuri na halikuandikwa linakaa kimya linakusubiri, na siku likitokea linatokea likiwa na sura ya ukweli. Namba 33 ilikuwa imenyooka kwenye kioo, kubwa, safi. Kijana wa ubao aliinakili bila wasiwasi. Mimi mwenyewe niliiamini kuliko kichwa changu.

Kuna watakaosema, na wameshaniambia, "Mwalimu, kitu cha bure unakilalamikia nini?" Nimelifikiria swali hili kwa heshima. Ni kweli leseni ya programu ile, tuliisoma na mjukuu, inasema inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Mtengenezaji hanidai na simdai. Nilimwandikia, mjukuu akiniwekea Kiingereza changu sawa, nikamweleza yote, na baada ya siku tisa akajibu. Alisikitika kwa dhati. Alieleza kwamba anaamua mechi za klabu ya binti zake Jumamosi na kuandika programu usiku wakishalala. Kwamba katika miaka yote ile watu wamemwomba aongeze hiki na kile, lakini hajawahi kuombwa hata mara moja aandike maelezo. Hakujua kama kuna mtu anaitumia Afrika. Tena akasema kitu ambacho ndicho kilichonifanya niandike barua hii: mtu akiandika mwongozo, kwa lugha yoyote, atauweka ndani ya programu.

Kwa hiyo siwezi kumlaumu yeye peke yake. Mezani kwetu nani aliyewahi kuuliza? Mimi niliipokea programu kwa mkono kutoka simu ya mtu mwingine, naye aliipokea kwa mwingine, kila mmoja akimwonyesha mwenzake vile vitufe viwili na saa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kilichokuwa hakina daftari ni ujuzi wenyewe wa kifaa.

Nimetumia miezi iliyofuata kufanya kile ambacho ningewaagiza wanafunzi wangu. Nilichukua daftari la kurasa 48, nikaikalia programu ile jioni baada ya jioni, saa ikitembea robo zote 4, dakika zote 60, nikijaribu kila mguso katika kila wakati. Nimepata mambo yasiyoandikwa saba. Mengine ni madogo. Ukigusa jina la timu mara tatu, timu zinabadilishana upande kwenye kioo, jambo zuri sana baada ya robo maana vitufe vinakaa sawa na uwanja ulivyo. Lakini ukigusa kwa bahati mbaya katikati ya mchezo utaanza kuwapa njano magoli ya bluu. Ule mshale uliotugombanisha nao una dawa yake: ukitendua kwa alama ya juu, inafuta goli tu, ukitelezesha mstari wa goli lenyewe kwenye orodha ya chini, inafuta goli na kurudisha senta. Mtengenezaji aliliwaza hilo na akalitengeneza. Lilikuwepo siku ile tuliyogombezwa. Lilikuwa sentimita mbili chini ya kidole changu.

Na kuna moja ambalo nilipoligundua nilisimama nikazunguka meza. Vitufe vya sauti vya pembeni mwa simu, vile vya kupandisha na kushusha, vinahesabu magoli pia: cha juu timu ya kushoto, cha chini timu ya kulia. Mhariri, wewe uliye mjini penye kumbi huenda huoni ukubwa wake. Sisi tunachezea nje. Tukuyu mvua inanyesha karibu mwaka mzima, Njombe na Makete kuna baridi ya kugandisha majani. Kioo cha simu kikiloa hakisikii kidole, au kinasikia matone ya mvua kana kwamba ni vidole. Mara ngapi nimefunika simu kwa mfuko wa nailoni, nikifuta kwa kanga, huku magoli yanaingia na binti anaita namba ambazo siwezi kuzibonyeza? Vitufe vya pembeni havijali mvua. Havijali glavu. Na kwa kidole cha baridi kama changu, havina habari ya kushikilia. Goli ni moja hata ukikandamiza hadi kesho. Fainali ile ingeweza kuandikwa yote kwa vitufe vya sauti, na yule mama angejua tangu mwanzo kwamba timu yake imetoka sare. Dawa ilikuwa mfuko mmoja na sumu, na chupa zote mbili hazikuwa na kibandiko.

Sasa maombi yangu. Kwanza kwa vijana wetu, maana najua wapo: Mbeya kuna vyuo vinavyofundisha kompyuta, Iringa vipo, na kuna vijana wanaotengeneza programu za kuhesabia michezo ya mitaani kwao, za bao, za wavu, za pete. Mnafanya kazi njema na hamlipwi. Nawasihi, siku mnayoongeza jambo, siku hiyo hiyo liandikeni, hata sentensi mbili: linafanya nini, linawashwaje, linazimwaje. Lisiachwe kwa ajili ya toleo lijalo. Na kama jambo linabadilisha namba, liwe limezimwa hadi mtu aliwashe mwenyewe kwa kujua. Mtengenezaji wetu nilimwomba hivyo na amekubali. Toleo jipya lina swali mwanzoni mwa mechi, sheria ya magoli 2 itumike au la.

Tena liandikwe kwa Kiswahili. Nakumbuka mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilivyotoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi makosa. Wako waliosema haiwezekani, maneno hayatoshi. Yalitosha. Kama tuliweza kuyapata maneno ya programu ya ofisi nzima, hatuwezi kushindwa kueleza kitufe cha goli. Mwongozo wangu una kurasa nne na neno gumu kuliko yote ni "kutendua", na wale kinamama wameshalizoea.

Kwa wanaoandaa mashindano, kuanzia maofisa michezo hadi wenyeviti wa mitaa wanaotoa mbuzi: msimpe mtu simu asubuhi ya fainali. Programu ijaribiwe mechi nzima ya mazoezi, dakika zote 60, na wanaokaa mezani, kwenye uwanja ule ule na saa zile zile za jioni. Kujaribu dakika mbili ofisini hakufai. Tuliona wenyewe kwamba kilichotuangusha kilikuwa hakijaamka hadi dakika ya 10 ya robo. Na daftari libaki mezani. Silisemi hilo kwa kuichukia simu. Binti yule wa kidato cha pili na vijiti vyake ndiye aliyeokoa haki ya timu mbili siku ile, na hakuna aliyempigia makofi. Nampigia mimi hapa.

Kwa wenzangu wa mezani, Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, hadi Songea: najua kila mmoja wenu anazo siri zake za simu, alizozigundua kwa kukosea. Mnaambiana kwa mdomo, au hamwambiani kabisa kwa sababu mtu anaona haya kusema jinsi alivyojua. Ziandikeni. Hata nyuma ya fomu ya magoli. Mimi nilichelewa kuyasema yangu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya aibu ile ya sokoni, na katika miezi hiyo huenda kuna meza nyingine iliyotangaza mshindi asiye mshindi.

Yule kapteni wa njano nilimfuata. Nilimkuta Jumapili mnadani, akanisalimu kwa upole, "Kamwene, Mwalimu," kana kwamba hakuna kilichotokea, na hilo lilinichoma zaidi. Nikamwomba dakika chache. Tukakaa kwenye benchi la muuza viazi, nikafungua programu, nikaisogeza saa hadi 4:50, nikampa simu mkononi. Nikamwambia abonyeze kama anavyobonyeza mtu mwenye baridi. Vidole vyake ni vya mchuma chai, vigumu nchani, vina weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni. Kilitua, kikakaa. Namba ikaruka kwa 2. Akabonyeza tena, ikaruka tena. Akanitazama, akatazama kioo, akafanya mara ya tatu. Akasema, "Kumbe ni hii." Kisha akaniuliza kama kwenye mwongozo nimeandika kwamba uzi ule wa njano ni mgumu kuonekana mchana, maana yeye hakuuona hadi nilipomwonyesha. Nilikuwa sijaandika. Sasa nimeandika, ukurasa wa pili.

Limebaki moja ambalo sijalielewa. Saa ikiwa imesimama, ukishikilia katikati ya mshale wa senta kwa muda kidogo, chini kulia inatokea nukta ya kijani, inakaa kama sekunde 10, inapotea. Namba hazibadiliki, mshale hautikisiki, saa haiguswi. Nimeijaribu robo zote, nimemwandikia tena mtengenezaji na bado nasubiri. Kwenye ukurasa wa nne nimeiacha nafasi ya mistari mitatu. Kama kuna msomaji wa gazeti hili aliyewahi kuiona nukta hiyo na anajua inafanya nini, namwomba aandike kupitia safu hii kabla ya mashindano ya Juni.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu na mwandishi wa meza ya netiboli,
Mafinga, Iringa.